Kufuli Lililosubiri Salamu

Nchi ninayoisimulia ipo, msomaji asiwe na shaka. Ramani yake ilichorwa kwa umakini mkubwa, ikapigwa mihuri mitatu, kisha ikafungiwa kabatini ili isichakae, na mwenye ufunguo wa kabati amestaafu. Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu, na katika insha zangu zote nimeapa kutoogopa. Sitalitaja kwa sababu Kamati ya Kuhifadhi Jina la Taifa bado inajadili iwapo jina hilo linaruhusiwa kuandikwa na mtu aliyekaa, nami sijui kuandika nikiwa nimesimama.

Bunge tunalo, lakini jengo lake lina baridi, na wabunge wengi wana matatizo ya viungo. Kwa hiyo sera za nchi hutangazwa redioni, katika kipindi kiitwacho Meza ya Asubuhi, kinachorushwa na Redio Asili kuanzia saa moja hadi saa mbili kila siku ya kazi. Waziri akishatamka mbele ya kipaza sauti maneno "na iwe hivyo kuanzia sasa", sera imekuwa sheria. Asipoyatamka, haijawa. Utaratibu huu umesifiwa na wageni wote waliowahi kuulizwa, ingawa waliulizwa wakiwa bado uwanja wa ndege.

Mwenye Meza, yaani mtangazaji, ni Bwana Thabiti Mnyagatwa, ambaye sauti yake ni nzito kiasi kwamba hata akitaja saa tu, watu hujiona wamechelewa maishani. Kila asubuhi huhoji watu wa aina mbili: waandishi wa vitabu vinavyoeleza jinsi nchi ilivyoharibika, na mawaziri waliosoma majalada ya nyuma ya vitabu hivyo. Kaulimbiu ya kituo ni "Kama Ilivyokuwa". Imechongwa kwenye ubao juu ya mlango, na mlango wenyewe huvutwa kwa kamba, kwa kuwa kitasa kilionekana kuwa ni haraka isiyo na sababu.

Nilifika hapo kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu niliandika lengo: "Kubadilisha mijadala ya kitaifa kutoka ndani, kwa njia ya ushahidi." Nikalipigia mstari kwa rula. Bwana Mnyagatwa alilisoma, akatikisa kichwa kwa upole, akanikabidhi kazi ambayo kwa miaka sita haikuwa na mtu.

"Binti," alisema, "utavisoma vitabu."

* * *

Kabla sijaendelea, sina budi kueleza Kanuni ya Nne, maana bila hiyo mambo yaliyofuata yataonekana ya kubuni.

Zamani kidogo Redio Asili ilikuwa na mkurugenzi aliyesomea ng'ambo. Siku moja mkurugenzi huyo alimkatiza mzee aliyepiga simu kuwasalimu watu wake, akiwa bado anasalimu wakwe, hata ndugu zake hajawagusa. Taifa lilishtuka. Bwana Mnyagatwa, wakati huo akiwa msoma matangazo ya vifo, aligoma kutoka studio kwa siku mbili akidai heshima ya salamu irejeshwe. Mkurugenzi akahamishiwa idara ya kupima mvua, na Kanuni ya Nne ikaandikwa kwa wino mwekundu: *Salamu hutangulia kila jambo na hazikatizwi. Anayesalimu huhesabiwa kuwa anaendelea mpaka atakapotoa ujumbe wake, kama ilivyo ada, au mpaka atakaponyamaza kwa muda wa mafunda matatu ya chai.*

Mafunda hupimwa na Mwenye Meza mwenyewe, kwa kikombe chake cha bati. Wageni wote, hata mawaziri, husubiri. Hii ndiyo kanuni pekee ya nchi yetu ambayo sijawahi kuona ikivunjwa, na niliiorodhesha katika ripoti yangu ya wiki ya kwanza chini ya kichwa "Vikwazo kwa Mjadala wa Kina".

* * *

Kitabu changu cha kwanza kiliitwa *Mama Zetu Hawakupanga Foleni*. Kilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili, na mwandishi wake, Profesa Ombeni Sikalumba, alidai humo kwamba zahanati ndizo zilizoliharibu taifa. Mama akijifungulia zahanati, mtu wa kwanza mtoto kumwona ni mgeni aliyevaa koti jeupe, na tangu hapo maisha yake yote atakuwa mtu wa kusubiri kuhudumiwa. Dawa yake ni kufunga zahanati na kuwarudisha kina mama jikoni, kwenye mafiga, walikojifungulia bibi zao.

Nilikisoma chote, jambo ambalo baadaye nilielezwa kuwa halikutarajiwa. Kazi yangu ilikuwa kukifupisha kwa kurasa mbili kwa ajili ya Mwenye Meza na Waziri. Hapa ndipo elimu yangu iliponiponza. Katika somo la Mbinu za Uandishi wa Kitaaluma tulifundishwa kwamba mtafiti mwadilifu huieleza hoja ya mpinzani wake kwa nguvu zake zote kabla ya kuipinga. Nami nilikuwa mwadilifu. Hoja za Profesa zilikuwa zimetawanyika kama kuku waliofukuzwa. Nikazikusanya, nikazipanga, nikazipa mwanzo na mwisho. Palipokosekana sababu niliweka sababu. Mwishoni nikaandika sentensi ambayo, kusema kweli, niliionea fahari: "Taifa linalozaliwa nyumbani halitahitaji kurudishwa nyumbani."

Sentensi hiyo haikuwa na maana yoyote. Lakini ilikuwa na mizani.

Upinzani wangu niliupanga kuwa katika ukurasa wa tatu. Kurasa zilizotakiwa zilikuwa mbili.

* * *

"Profesa," alianza Bwana Mnyagatwa Jumanne ile, "wananchi wanaotusikiliza, wengine wako shambani, wengine wako kisimani. Waambie kwa kifupi. Zahanati imetufanya nini?"

"Imetulegeza."

"Imetulegeza!"

"Kabisa. Bibi yangu alijifungua asubuhi, mchana akawa anapalilia mahindi."

"Ekari ngapi?"

"Mbili."

"Mbili, wananchi! Na huyu wa leo?"

"Huyu wa leo anapewa kitanda."

"Kitanda," alirudia Mwenye Meza, kama mtu anayetaja jina la mgoni wake. "Na takwimu, Profesa? Maana wapo watakaouliza takwimu."

"Takwimu zipo."

"Zinasemaje?"

"Zinakubali."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo, na kwa kweli nilinyoosha mkono. Hakuna aliyeniona. Katika redio, kunyoosha mkono hakusikiki.

Kisha ikaja zamu ya Mheshimiwa Zakayo Bundala, Waziri wa Afya, Adabu na Mambo ya Kale. Yeye ni mtu wa miaka thelathini na tisa, na hutembea na kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe, *Nilizaliwa Peke Yangu*, ambacho husomwa na watoto wote wa darasa la nne. Ndani yake anaeleza alivyozaliwa kando ya mafiga bila mkunga, bila nesi, bila taa, shahidi wake pekee akiwa kuku, na alivyofungua macho akaitazama nchi na kuihurumia.

"Mimi sikupewa kitanda," alisema Mheshimiwa. "Sikupewa kadi. Nilipewa majivu, na majivu yakanifanya hivi nilivyo." Akavaa miwani, akainua karatasi yangu. "Nimesoma kitabu cha Profesa chote, kurasa zote mbili. Kuna mahali kimenitoa machozi. *Taifa linalozaliwa nyumbani halitahitaji kurudishwa nyumbani.*"

"Niliandika hivyo?" aliuliza Profesa, akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Kwa mkono wako, Profesa!"

"Basi nilikuwa na siku njema."

Mheshimiwa akaahidi kwamba Jumatatu inayofuata, hapo hapo Mezani, atatangaza Sera ya Kurejesha Uzazi Nyumbani. Ya kwanza kufungwa itakuwa Zahanati ya Kisima Kati, kwa kuwa ndiyo yenye foleni ndefu zaidi, hivyo ndiyo iliyoharibu watu wengi zaidi.

Kalamu ilinianguka. Zahanati ya Kisima Kati ina muuguzi mmoja, naye ni Shangazi Kalista, dada wa marehemu baba yangu, aliyenilea.

* * *

Alinipigia simu asubuhi iliyofuata.

"Nambua, hujambo mwanangu? Hapa getini kuna mtu amekuja na kufuli."

"Kufuli?"

"Kubwa, la kichwa cha simba. Anaitwa Bwana Mbaraka, anasema ni Afisa Mfungaji Daraja la Pili. Amekaa chini ya kibao chetu na redio yake ndogo. Sera ikitangazwa tu Jumatatu, anafunga. Mtu mstaarabu, nimempa uji. Anasema amesikia maneno mazuri sana redioni, kuhusu nyumbani na nyumbani. Nani aliyeandika maneno yale?"

Nilifikiria kusema "kamati". Katika nchi yetu jibu hilo hukubaliwa hata mahakamani.

"Ni mimi, shangazi."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Umekula?" aliuliza.

"Shangazi, tafadhali nigombeze."

"Sina nafasi. Nina Zamoyoni hapa, mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, presha imepanda. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mto na kivuko kinakwenda kikipenda. Huyu akiambiwa akajifungulie jikoni, tutamzika yeye na mwanawe. Wewe uko huko kwa wakubwa. Unafanya nini?"

"Ninaandika swali."

Na kweli nililiandika. Kwa siku mbili sikulala vizuri. Swali langu kwa Mheshimiwa Waziri lilikuwa na kurasa kumi na saba, tanbihi arobaini na moja na chati tatu, moja ikiwa na rangi. Nilimpelekea Bwana Mnyagatwa Ijumaa, nikitetemeka kwa ujasiri.

Alilipima uzito kwa kiganja.

"Binti, hii chati ya rangi itasikikaje?"

"Unaweza kuieleza, Mwenye Meza."

"Na huku mwisho umeandika 'hivyo basi' mara tisa. Mgeni akialikwa mezani hatupiwi mifupa tisa. Fanya mmoja, mwanangu, na uwe na nyama."

Nikalibana swali mpaka likabaki sentensi moja: *Je, Mheshimiwa, kina mama wangapi hufa wakijifungulia nyumbani?* Bwana Mnyagatwa, ambaye ni mtu wa neno lake, alimuuliza Mheshimiwa papo hapo kwa simu, hewani, dakika tatu kabla ya saa mbili.

"Hilo ni swali zuri sana," alijibu Mheshimiwa. "Ni swali la kijana anayelipenda taifa lake. Ningependa vijana wengi zaidi waulize maswali kama hilo. Ahsante sana."

"Wananchi, mmejibiwa," alisema Mwenye Meza, na wimbo wa kufungia ukaanza.

Wafanyakazi wote walinipongeza. Mpishi wa chai alinipa andazi la ziada. Nami, nakiri, kwa muda wa kulimaliza andazi lile nilihisi kwamba tumepiga hatua.

Shangazi alipopiga simu nilimweleza yote.

"Kwa hiyo uliandika kurasa kumi na saba kumuuliza mtu kitu kimoja?"

"Kulikuwa na viambatisho."

"Mhm. Hebu nisikilize. Mtu akitaka kusalimia watu kwenye hiyo redio yenu, anapiga namba gani?"

"Shangazi, hili si jambo la salamu. Hili ni suala la kisera, linahitaji mkakati."

"Namba, Nambua."

Nikampa namba. Kisha nikaandika katika daftari langu: "Jamii za pembezoni bado hazijatambua majukwaa sahihi ya kudai haki."

* * *

Jumatatu saa moja kamili Mheshimiwa Bundala alikuwa Mezani, suti mpya, hotuba imekunjuliwa. Profesa hakuja, alituma ujumbe kwamba ameanza kukisoma kitabu chake na kimemteka.

"Kabla ya yote, salamu," alisema Bwana Mnyagatwa. "Nani yuko nasi?"

"Shikamooni nyote mlio wakubwa, hamjambo wadogo. Ni mimi Nesi Kalista wa Zahanati ya Kisima Kati. Naomba kuwasalimu watoto wangu."

"Karibu, mama. Una watoto wangapi?"

"Elfu nne na kidogo."

Mwenye Meza alicheka. Mheshimiwa alicheka. Mimi, nikiwa nyuma ya kioo, nilifunika uso.

"Ninao kwenye daftari," aliendelea shangazi, "tangu nilipoanza kazi, miaka arobaini sasa. Naanza na namba moja. Namsalimu Matiku, fundi baiskeli pale njia panda, aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe. Matiku, hujambo? Umeacha kutafuna kucha? Namba mbili ni pacha wake, Bhoke, aliyekuwa kama kiganja changu, tukamfunga kwenye pamba, leo ana wajukuu. Bhoke, hujambo mama? Namba tatu hakukaa nasi, alituacha siku ile ile. Namsalimu mama yake, Bi. Nchagwa, ambaye bado huja kila mwaka kufagia uwanja wetu..."

Ilipotimu saa mbili alikuwa kwenye namba thelathini. Wimbo wa kufungia ulipigwa. Kanuni ya Nne iko wazi: anayesalimu huhesabiwa kuwa anaendelea. Hakuwa ametoa ujumbe.

"Basi mpaka kesho, mama," alisema Bwana Mnyagatwa kwa heshima.

"Mpaka kesho, baba."

Mheshimiwa aliikunja hotuba. "Kesho basi," alisema. "Salamu ni salamu." Alikuwa ameandika sura nzima kuhusu jambo hilo katika kitabu chake, na sura hiyo haikuwa na mlango wa nyuma.

Jumanne shangazi alifika namba sitini. Jumatano, tisini. Mafundi baiskeli, walimu, wavuvi wa bwawani, askari wawili, mchungaji mmoja, mwizi mmoja mashuhuri aliyesalimiwa na kuombwa arudishe sufuria ya zahanati. Wote walikuwa wakisikiliza, na kila aliyetajwa alisimama popote alipokuwa na kuitika. Sokoni watu walisimama na kukaa, kusimama na kukaa, kama wako ibadani. Bwana Mbaraka, pale getini, alikuwa amelitundika kufuli kwenye tawi la mpera ili limpumzishe mkono, na alikuwa akiwasaidia wagonjwa kuteremka kwenye baiskeli.

Alhamisi asubuhi shangazi alisema, "Sasa tunaingia mwaka wa pili," na kijiko cha Mheshimiwa kikaanguka.

Aliponiona nikikiokota, aliinama sikioni mwangu.

"Binti, hilo daftari lake... lina kila mtu?"

"Kila mtu, Mheshimiwa!" nilijibu kwa furaha ya mtafiti. Nikamweleza umuhimu wa kumbukumbu za msingi, jinsi ambavyo shahidi aliyeandika tukio siku ile ile huaminika kuliko masimulizi ya baadaye, na kwamba kwa maoni yangu daftari lile ni hazina ya taifa. Nilizungumza kwa dakika saba. Alinisikiliza huku akibadilika rangi, nami nikadhani ni ukuu wa hoja.

* * *

Ijumaa, saa moja na dakika arobaini na moja, shangazi alikuwa ameanza namba mia moja arobaini na mbili aliposita. Nyuma yake sauti ya mwanamke ilipanda, ikakatika, ikapanda tena.

"Zamoyoni," alisema shangazi, si kwetu. "Nakuja. Usisukume. Nimesema usisukume!" Kisha mlio wa simu ikiwekwa juu ya meza.

Kimya.

Bwana Mnyagatwa alitazama kikombe chake. Niliona mkono wake ukiwa mzito, lakini kanuni alikuwa ameiandika yeye. Akapiga funda la kwanza.

Mheshimiwa alivaa miwani. Akaikunjua hotuba.

Funda la pili.

Mheshimiwa alifungua mdomo, na nikaona ulimi wake tayari umekaa mahali pa kusema "na". Huko Kisima Kati kufuli lilikuwa kwenye tawi, Zamoyoni yuko kitandani. Nami nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti, msichana mwenye afya, mwenye sauti, mwenye kurasa kumi na saba mkobani. Nilifanya kile ambacho elimu yangu ilinitayarisha kukifanya. Niliandika muda katika daftari.

Mwenye Meza aliinua kikombe kwa mara ya tatu.

"Namba mia moja arobaini na mbili," ilisema sauti ya kiume simuni, sauti ya mtu anayesoma tangazo la kuhama makazi. "Anasalimiwa. Namba mia moja arobaini na tatu. Anasalimiwa naye."

Kikombe kilirudi mezani.

"Nani mwenzetu?" aliuliza Bwana Mnyagatwa.

"Ni mimi Mbaraka, Afisa Mfungaji Daraja la Pili. Nesi amenipa simu na daftari, akaniambia: shika, soma, usinyamaze. Mimi huwa nafuata maelekezo. Namba mia moja arobaini na nne, mtoto wa kike, anasalimiwa. Arobaini na tano, anasalimiwa. Arobaini na sita, hapa pana doa la dawa, lakini anasalimiwa. Namba mia moja arobaini na saba. Mama: Bi. Tabu Bundala. Mtoto: wa kiume, Zakayo. Kitanda: cha pili kutoka dirishani."

Mheshimiwa aliiweka hotuba mezani.

"Maelezo," aliendelea Bwana Mbaraka, ambaye kwa bidii ya kusoma hakuwa anasikia anachosoma. "Alitanguliza mguu wa kushoto. Mama alitaabika tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mtoto alitoka wa buluu, hakulia. Alipigwa kofi, hakulia. Alipuliziwa pumzi mdomoni na nesi kwa muda mrefu, akalia. Mguu umeteguka, umefungwa. Mwisho wa maelezo. Anasalimiwa."

Na papo hapo, kwenye simu, nyuma ya sauti ya afisa, alilia mtoto. Si kilio kikubwa. Kwanza kama mlango unaokwaruza, kisha kikapata nguvu, kikaijaza redio nzima.

"Nipe," alisema shangazi, akihema. "Ahsante, baba. Tumefika wapi?"

"Kwa Bundala Zakayo, nesi."

"Ah! Yule wa mguu. Zakayo, mwanangu, hujambo? Ulipona ule mguu?"

Nilimtazama Mheshimiwa. Mbele yake kulikuwa na hotuba ya sera, kulia kwake kitabu cha maisha yake chenye picha ya kuku jaladani, na juu ya mlango maneno "Kama Ilivyokuwa". Angeweza kunyamaza. Mafunda matatu tu. Lakini alikuwa amelelewa vizuri na Bi. Tabu, na mtu aliyelelewa vizuri akisalimiwa na mkubwa, mdomo humtangulia.

"Shikamoo, mama," alisema Mheshimiwa, kwa sauti ndogo ambayo taifa lilikuwa halijawahi kuisikia. "Ulipona."

"Marahaba. Wakati wa baridi hauumi?"

"Unauma kidogo, mama."

"Uwe unaukanda kwa maji ya moto. Namba mia moja arobaini na nane, namsalimu Sauda..."

Mheshimiwa alivua miwani. Akaikunja hotuba mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kama kipande cha sabuni ya wageni.

"Hati ina makosa ya uchapaji," alimnong'oneza Mwenye Meza.

"Makosa yapi, Mheshimiwa?"

"Yote."

* * *

Nilitarajia kashfa. Niliandaa hata mada ya kongamano. Lakini watu wa nchi yetu wana adabu: wiki nzima waliompigia simu Mheshimiwa walimuuliza hali ya mguu tu, na mmoja alimpelekea mafuta ya mbuni. Kitabu chake kimetoka toleo la pili, ambamo kuku ameondolewa "kwa sababu za nafasi". Zamoyoni alirudi kwake na mtoto wa kike mnene. Bwana Mbaraka aliandika taarifa kwamba kufuli limefungwa kama ilivyoagizwa, ambayo ni kweli: linafunga kabati la madaftari ya zahanati, na ufunguo anao Shangazi Kalista, ambaye hajastaafu.

Wizara nayo haikukata tamaa. Imeandaa Sera ya Salamu Fupi, inayomzuia mwananchi kusalimu zaidi ya watu watatu. Ni sera nzuri, nimeisoma. Imebaki kutangazwa tu, Mezani, baada ya salamu. Waziri anayehusika husubiri ukumbini kila asubuhi pamoja na wenzake kumi na mmoja wenye sera zao, na wananchi wanasema nchi haijawahi kutulia hivi.

Mimi nilipewa cheti cha mafunzo kinachosema nilikuwa "msikivu". Ripoti yangu ya mwisho, "Salamu kama Jukwaa: Kuelekea Nadharia Mpya", imefika kurasa sitini na mbili.

Asubuhi ya sitini na nne nilikuwa bwenini nikiihariri, redio ikiwa dirishani, shangazi aliposema, "Namba elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Nambua, mtoto wa kaka yangu. Hujambo, mwanangu? Maelezo: alianza kulia kabla hajatoka, akaendelea hata baada ya watu wote kuelewa."

Nilisimama, kama walivyosimama wengine wote.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, na sikuongeza kitu.